Kisa cha St. Patrick's Iten: kocha ambaye hakuwa na haraka na mtoto wa mtu

Kila msimu wa UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari hapa kwetu Tanzania, ukikaribia walimu wa michezo tunaulizana maswali yaleyale, Wakenya wana nini ambacho sisi hatuna, na majibu nayo ni yaleyale, mara mwinuko, mara damu, mara watoto wao wanakimbia kwenda shule. Haya majibu yamenichosha kwa sababu hayamsaidii chochote mwalimu aliyeko Mbulu au Hanang, ambako mwinuko upo na watoto wanatembea mbali kila siku. Kwahiyo nataka tuchukue shule moja tu, tuichambue taratibu, tuone nani aliongoza, aliongoza vipi, na ni kitu gani hasa kilijengeka pale mpaka kikadumu. Shule yenyewe ni St. Patrick's ya Iten.

Iten ni mji mdogo ukingoni kabisa mwa bonde la Kerio, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, sio mbali na Eldoret. St. Patrick's ni shule ya bweni ya wavulana, ilianza 1961 chini ya mabruda wa Kikatoliki kutoka Ireland wanaoitwa Patrician Brothers. Mwaka 1976 akaja bruda mmoja kijana, Colm O'Connell, miaka 28, kazi yake kufundisha jiografia, na mpango ulikuwa akae muda mfupi tu. Riadha hakuijua. Hajawahi kuwa mwanariadha wa maana, hana cheti cha ukocha, hana hata mwongozo wa mazoezi aliokuja nao kwenye begi.

Aliyekuwa anashughulika na timu wakati huo ni mwalimu Mwingereza aitwae Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster, yule aliyepata shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo wa 1976. Hiyo Montreal sisi tunaikumbuka kwa uchungu, maana nchi nyingi za Afrika zilisusa, Kenya na Tanzania zikiwemo, kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand kwenda Afrika Kusini ya makaburu, na Filbert Bayi wetu aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974 hakukimbia. Basi Foster akamwomba Colm amsaidie kidogo uwanjani, na haukupita muda mrefu Foster akaondoka na timu ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia.

Hapa ndo kisa kinapoanzia kwa maoni yangu, na ndo sehemu ambayo watu wanaipita haraka. Mtu asiyejua kitu akikabidhiwa timu ana njia mbili. Moja ni kujifanya anajua, na wote tumeona inavyokuwa, filimbi shingoni, sauti juu, fimbo mkononi, mizunguko ishirini kwa aliyechelewa, na kila mtoto anakimbia kwa kuogopa. Nyingine ni kukubali kwamba wanaokimbia ndo wanaojua kukimbia kunavyohisiwa, kwahiyo unakaa pembeni unaangalia, unauliza, unaandika, kesho unaangalia tena. Colm alichukua ya pili. Amesema mara nyingi kwamba ukocha alifundishwa na wanariadha wenyewe, na mimi naamini kwa sababu ukiangalia mbinu zake zote zina alama ya mtu aliyeangalia sana kabla ya kusema.

Mazoezi yake yanajulikana, watu wengi wamekwenda Iten kuyaona. Hapulizi filimbi. Hapigi kelele. Vijana wanaanza na jogingi ya polepole kweli, polepole kiasi kwamba mgeni aliyesafiri kutoka Ulaya kuja kuona siri anaanza kuangalia saa yake, halafu zinakuja drili za mwili, magoti, vifundo vya miguu, mikono ikae vipi, mabega yashuke, kichwa kitulie. Kasi inakuja mwisho na inakuja kwa yule ambaye mwili wake umeshakaa sawa. Msimamo wake ni kwamba mtoto ajifunze kwanza kukimbia vizuri, mbio kali zitamkuta njiani. Na anayeongoza kundi mbele mara nyingi sio yeye, ni kijana mkubwa ambaye yeye mwenyewe alifundishwa hivyohivyo miaka miwili mitatu iliyopita, kwahiyo maelekezo yanapita kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mwanafunzi na bruda anabaki pembeni na kofia yake, anamvuta mmoja anamwambia neno moja kwa sauti ya chini, basi.

Nimelirefusha hili makusudi. Tunapozungumzia uongozi kwenye michezo ya shule huwa tunafikiria hotuba ya kabla ya fainali, kumbe hapa uongozi ni kiasi cha sauti. Mwalimu akiongea chini watoto wanasogea na wanasikiliza, na mkubwa anajifunza kumsemesha mdogo hivyohivyo. Ukiwa na kidato cha nne anayemwelekeza kidato cha kwanza bila kumdhalilisha, hapo umeshapata utamaduni ambao hautegemei mwalimu kuwepo uwanjani kila jioni. Kwenye bweni hilo ni jambo kubwa sana, wote tuliosoma bweni tunajua wakubwa wanavyoweza kuwafanya wadogo waichukie shule.

Matokeo yalikuja, ila angalia yalivyochukua muda. Ibrahim Hussein, aliyesoma pale, alikwenda Marekani kwa skolashipu Chuo Kikuu cha New Mexico akasoma uchumi, na 1987 akawa Mwafrika wa kwanza kushinda New York City Marathon, halafu akachukua Boston 1988, 1991 na 1992. Peter Rono mwaka 1988 pale Seoul alishinda dhahabu ya mita 1500 akiwa na miaka 21, akawa bingwa mdogo kuliko wote wa mbio hiyo kwenye historia ya Olimpiki, mpaka Jakob Ingebrigtsen wa Norway alipompita Tokyo 2021 akiwa na miaka 20. Matthew Birir akashinda mita 3000 kuruka viunzi na maji Barcelona 1992. Wilson Boit Kipketer bingwa wa dunia wa viunzi na maji 1997. Na Wilson Kipketer, yule aliyekwenda Denmark akaiwakilisha nchi hiyo, bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu mfululizo, 1995, 1997 na 1999, na rekodi ya dunia ya 1:41.11. Wote hao kwenye geti moja. Shule nyingi duniani zenye viwanja vya mpira wa sintetiki na gym na madaktari hazijatoa hata mmoja.

Uwanja waliokuwa wanatumia wa Kamariny ulikuwa wa udongo, wa tangu miaka ya 1950, mvua ikinyesha unaacha mazoezi, ukikauka ni vumbi. Ulipokuja kuanza kukarabatiwa miaka ya karibuni mradi ukakwama miaka na miaka, na mabingwa bado walikuwa wanatoka Iten. Nalitaja hili kwa ajili ya wakuu wa shule wanaosema hatuwezi kuanza mpaka tupate uwanja.

Pale shuleni kuna desturi ya miti. Mwanafunzi aliyekuja kuwa bingwa anarudi, anapanda mti kwenye eneo la shule na jina lake linawekwa hapo. Wageni wanaipiga picha wanaondoka, mimi naona ina kazi kubwa kuliko picha. Mtoto wa kidato cha kwanza anayetoka kwenye kijiji cha bondeni anapita kila asubuhi kwenda darasani katikati ya majina ya watu waliolala kwenye mabweni yaleyale, wakala githeri (makande) ileile. Na mti unapandwa na mtu aliyerudi, sio kikombe kilichofungiwa ofisini kwa mkuu wa shule na ufunguo anao karani. Kurudi ndo kitu wanachofundishwa, maana wale waliomaliza walikuwa wanakuja likizo kufanya mazoezi na wadogo zao, bingwa wa dunia anaongoza jogingi na mtoto wa miaka 15 yuko nyuma yake hatua mbili.

Sasa uamuzi ambao mimi nauona ndo moyo wa kisa chote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Colm angeweza kabisa kukaa na shule yake, inashinda, jina linakua, wazazi wanagombania nafasi, na baadaye akawa hata mkuu wa shule. Kwa hesabu ya kawaida ya michezo ya shule, mwenye siri anaificha na mwenye kipaji anamfungia ndani. Yeye akafanya kinyume, akaanzisha kambi za likizo, Aprili, Agosti na Desemba, na kambi hizo zikawa za vijana wa shule yoyote, na zikawa za wasichana pia. Hebu fikiria hilo kama mwalimu wa michezo. Unamfundisha mtoto wa shule jirani ambaye muhula ujao atakuja kumfunga mtoto wako mbele ya afisa elimu.

Wasichana kwanza. Wakati huo Kenya wanaume walikuwa wameshakuwa wakubwa kwenye riadha tangu Mexico 1968, lakini wanawake hawakuwa na dhahabu hata moja ya Olimpiki wala ya ubingwa wa dunia. Msichana wa Keiyo au Marakwet, makabila ya eneo hilo, akimaliza shule, au hata kabla hajamaliza, aliolewa, na kukimbia kulikoma hapo. Kambi za Iten na shule ya wasichana ya Sing'ore iliyo jirani zikafungua njia. Sally Barsosio, aliyepitia Sing'ore, mwaka 1997 pale Athens akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda ubingwa wa dunia uwanjani, mita 10,000. Vivian Cheruiyot naye ni wa Sing'ore, na Rio 2016 akachukua dhahabu ya mita 5000. Janeth Jepkosgei, ambaye Colm alimfundisha mwenyewe, bingwa wa dunia wa mita 800 Osaka 2007 na fedha ya Olimpiki Beijing 2008. Mlango uliofunguliwa na mkuu wa shule ya wavulana, ambaye shule yake haikupata kikombe hata kimoja kwa hao wasichana!

Halafu kuna David Rudisha. Wengi wanadhani alisoma St. Patrick's, hapana, alikuwa Kimuron, shule nyingine ya palepale Iten. Kijana wa Kimaasai kutoka Kilgoris, baba yake Daniel Rudisha alikuwa kwenye timu ya Kenya ya kupokezana mita 400 mara nne iliyopata fedha Mexico 1968, mama yake naye alikuwa mkimbiaji. Alikuwa anajaribu mashindano ya michezo kumi (decathlon) na anakimbia mita 400, akaja kambini kwa Colm, Colm akamwangalia, mrefu, hatua ndefu, akamshauri ajaribu 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana.

Wengi wetu tungefanya nini na mtoto wa namna hiyo? Tungemkimbiza kila mahali. Mkoa, taifa, Afrika Mashariki, mialiko ya Ulaya, mpaka nyama za paja zikatike. Mwaka 2008 akaumia, akakosa Olimpiki ya Beijing. Mwaka 2009 akaenda ubingwa wa dunia Berlin, akatolewa nusu fainali. Kwa mtu ambaye kila mtu alishasema huyu ndo mrithi wa Kipketer, hiyo ni aibu kubwa, na kocha mwingine yeyote angeshabadilishwa, au kocha mwenyewe angepanik akaongeza mazoezi mara mbili. Pale Iten waliendelea na kazi ileile, kundi lilelile, mwalimu yuleyule, wakirekebisha mambo madogomadogo ya jinsi ya kukaa kwenye mbio. Agosti 22, 2010, mji uleule wa Berlin, Rudisha akakimbia 1:41.09 akavunja rekodi ya Wilson Kipketer iliyokuwa imekaa miaka 13, na wiki moja baadaye Rieti, Italia, akaishusha tena mpaka 1:41.01. Yaani rekodi ya mvulana wa St. Patrick's ilivunjwa na mvulana wa shule jirani aliyefundishwa na mwalimu wa St. Patrick's. London 2012 akakimbia 1:40.91, akaongoza mwanzo mwisho, na wanane wote kwenye ile fainali walikimbia kasi kiasi kwamba hata wa mwisho kwa muda wake angeshinda dhahabu ya Olimpiki tatu zilizotangulia. Rio 2016 akachukua tena.

Nimefikiria sana kwanini Colm aliweza kusubiri na wengine hawawezi, na jibu langu ni rahisi lakini linauma. Yeye hakuwa na faida ya haraka kwa mtoto yeyote. Ni bruda, ameweka nadhiri, hana familia ya kulisha kwa asilimia ya zawadi, hana mkataba na mwanariadha, anaishi kwenye nyumba ya kawaida pale shuleni hata baada ya kustaafu ualimu. Mambo ya mikataba na mialiko ya Rudisha yalikuwa kwa wakala wake, James Templeton, kocha akabaki kocha. Hivyo mtoto akiumia kocha anaweza kusema pumzika miezi mitatu na hakuna senti inayompotea. Akishindwa nusu fainali hakuna mtu anayemtishia kazi. Uvumilivu wake wanausifia kama tabia nzuri tu, na ni kweli tabia ipo, lakini angalia na mpangilio uliomruhusu kuwa mvumilivu. Ukimweka mwalimu huyohuyo mahali ambapo uhamisho wake, posho yake na sifa yake kwa mkurugenzi zinategemea medali za mwezi wa sita, sijui kama angeweza.

Kuna pingamizi mbili za haki na siwezi kuziruka. Ya kwanza, mwinuko na watu. Ni kweli, Iten iko juu, na eneo lile lina utamaduni wa kukimbia ambao haukuletwa na Ireland, Wakalenjin, watu wa ukanda ule, walikuwa wanashinda mbio kabla Colm hajazaliwa kwenye riadha. Sawa. Lakini kwenye ukingo uleule wa bonde kuna shule nyingi za sekondari, hewa ni ileile, watoto ni ndugu wa damu, na hazikutoa kile ilichotoa St. Patrick's. Hewa inaeleza kwanini ukanda mzima una wakimbiaji, ila haielezi shule moja. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, kwamba shule ikishapata jina vipaji vinakuja vyenyewe, na kambi za likizo zilichagua watoto wenye uwezo tayari, hivyo sifa nyingine ni ya uchaguzi na sio ya malezi. Hili nalikubali kwa sehemu kubwa kuanzia miaka ya 1990. Ila kwa miaka kumi ya mwanzo, kabla ya Rono, kabla ya jina, hakuna aliyekuwa anakuja Iten kumtafuta mwalimu wa jiografia.

Na kisa hiki kina upande wenye giza ambao kuuacha itakuwa ni kuwakosea watu. Utamaduni wa Iten wa shule ulikuwa na mtu mzima anayejulikana, mwenye mabosi juu yake, kwenye taasisi yenye bweni, matroni, ratiba na wazazi wanaokuja siku ya kutembelea. Mji ulipokuwa kambi ya dunia nzima, kambi binafsi zikaota kila kona, na msichana akimaliza kidato cha nne anatoka kwenye uangalizi wa shule anaingia mikononi mwa mtu yeyote anayejiita kocha. Wengine wanakuwa kocha, meneja na mume kwa wakati mmoja, na akaunti ya benki wanaishika wao, na nyumba na gari na shamba vinaandikwa jina lao. Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika 2015 akiwa na miaka 19 tu, Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake peke yao, 30:01, kule Ujerumani, na mwezi uliofuata, Oktoba 13, akakutwa ameuawa nyumbani kwake Iten kwa kuchomwa kisu, akiwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo. Wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake kwenye michezo. Mimi binti yangu akiniambia anataka kwenda kambi fulani, swali langu la kwanza baada ya Tirop halitakuwa tena wamekimbia muda gani, litakuwa nani analala wapi na pesa anashika nani.

Dawa za kuongeza nguvu ni hadithi ya kufanana. Kenya iliwekwa kwenye kundi la nchi zenye hatari kubwa kuanzia 2016, na tangu hapo majina ya waliofungiwa yamekuwa mengi kiasi cha kutisha. Hawakufundishwa hivyo shuleni, lakini haraka ni ileile, mtu wa miaka 24 ambaye familia nzima inamsubiri ashinde wikiendi hii na anayemzunguka anakula kwenye ushindi huo. Utamaduni wa subira wa shule moja haukuweza kuulinda mji mzima, na hapa ndo naona udhaifu wa mfumo uliojengwa juu ya mtu mmoja mwema. Ulidumu ndani ya geti na kwenye kundi lake, nje ya hapo hapakuwa na kanuni iliyoandikwa wala chombo cha kuilazimisha.

Turudi nyumbani. Tanzania tuna medali mbili tu za Olimpiki mpaka sasa, za Bayi na Suleiman Nyambui, fedha zote mbili, Moscow 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya mashuleni ilisimamishwa kabisa miaka kadhaa, na kizazi kizima kikapita shule bila mtu wa kumwangalia anakimbiaje. Septemba 2025 Alphonce Simbu akashinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo kwa kuamuliwa na picha ya mstari wa mwisho, sehemu tatu za mia za sekunde mbele ya Mjerumani, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha, na tulilia wengi siku ile. Uwezo upo, hilo halina ubishi. Tatizo ni yale tunayoyafanya na watoto kati ya miaka 14 na 19.

Mfumo wetu kwa sehemu kubwa ni wa wiki mbili. Mashindano yanatangazwa, watoto wanakusanywa, wanakimbizwa asubuhi na jioni mpaka wanatapika, wanatolewa darasani, wanaenda kanda, mkoa, taifa, wanarudi na tracksuti na malengelenge na mwaka umeisha. Kocha anayepimwa kwa medali za wiki hizo mbili atafanya nini? Ataleta mamluki. Kijana wa miaka 22 aliyeshamaliza shule anapewa jina la mtoto wa kidato cha pili na sare, na kila mtu kwenye msafara anajua, dereva anajua, mpishi anajua, na yule mtoto mwenye jina lake halisi aliyeachwa nyumbani anajua kuliko wote. Kinachofundishwa kwa watoto wote waliobaki kwenye lile basi ni kwamba watu wazima wanadanganya na kushangilia. Hapo hata ukishinda vikombe vitatu, hakuna mti wa kupanda.

Kwahiyo nikipima kisa cha Iten kwa mwalimu wa hapa, sichukui kilomita ngapi kwa wiki, wala mwinuko, wala drili, ingawa drili nazo ni nzuri na hazina gharama. Nachukua maswali. Je, mwalimu anapata nini huyu mtoto akishinda mwaka huu, na anapoteza nini akisubiri mpaka mwaka kesho kutwa? Je, mkuu wa shule anaweza kukubali kwa maandishi kwamba mwalimu wa riadha apimwe kwa idadi ya watoto waliobaki wanakimbia na wanasoma mpaka kidato cha nne, badala ya medali za Juni? Hilo linahitaji saini ya mtu mmoja tu. Je, wakubwa wanawafundisha wadogo, au wanawatuma maji? Je, shule ya jirani inaruhusiwa kuja kufanya mazoezi kwenye kiwanja chenu? Na kwa wasichana, je, kuna mwalimu wa kike anayekuwepo kila zoezi na kila safari, na je, mzazi ana namba yake ya simu?

Naomba pia tuwarudishe waliomaliza. Kila wilaya ina mtu aliyewahi kukimbia timu ya taifa, sasa hivi ana duka au anaendesha bodaboda au ni askari magereza, na hajaitwa shuleni kwake hata siku moja. Aitwe. Sio kwa hotuba ya mahafali, aitwe Jumamosi asubuhi aongoze jogingi, watoto wakae nyuma yake hatua mbili.

Mwalimu mwenye kiwanja, hata kama ni cha nyasi zilizofyekwa kwa panga, na mwenye shule ya wasichana karibu, anaweza kuanza Desemba hii na watoto kumi na tano kutoka shule zote mbili na shule ya tatu kama inataka, wiki tatu, asubuhi na jioni, walale makwao kama hakuna bweni salama, mwalimu wa kike awepo muda wote, filimbi ibaki ofisini, wakubwa wawili wapewe wadogo watano watano wa kuwaangalia, na asichague mtu yeyote kwa ajili ya timu mpaka Machi.